Rili Iliyorudi Mfukoni

Bi Fundi aliigeuza rili ile ya shaba mara mbili, akaisogeza karibu na dirisha, kisha akaiweka peke yake mwishoni mwa meza.

"Mwanangu, hii imeingia majini," alisema. "Na haikukaushwa."

Nikacheka kidogo. Nikamwambia haiwezekani, maana mjomba wangu alikuwa mtu wa kupangusa vitu mpaka vichoke. Rili, yaani vile vigurudumu vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, alikuwa nazo arobaini na moja, zote za zamani, nyingine zimemzidi hata yeye umri. Kila moja ilikuwa na mfuko wake wa kitambaa na namba yake. Fimbo za kuvulia zilisimama kabatini kama watu kwenye foleni. Ndoano alizipanga kwa ukubwa ndani ya vikopo vya dawa. Samaki wenyewe tulinunua sokoni, kwa sababu mjomba akienda kuvua alirudi na hadithi tu.

"Ndiyo maana nakuambia," Bi Fundi alisema. "Aliyeirudisha hii kwenye mfuko si mjomba wako."

Simu yangu ikatetemeka juu ya meza. Ilikuwa meseji ya mchumba wangu.

"Huyo bibi bado yupo? Mwambie hatuuzi mojamoja. Mtu wangu anakuja kesho kuzoa zote, hata mifuko hafungui."

Nikaigeuza simu kifudifudi.

Mjomba alinilea tangu nikiwa na miaka sita, mama yangu, ambaye ni dada yake, alipofariki. Alikuwa fundi wa mitambo ya kuchapa magazeti, mtu wa maneno machache na vicheko vya ghafla. Alinisomesha hadi nikawa mtengenezaji wa miwani. Siku niliyopata kazi alikuja dukani, akapimwa macho na mimi, akajifanya haoni hata herufi ya kwanza kubwa kama sahani, ili tu nimtengenezee miwani.

Wiki sita kabla ya siku hiyo, Alhamisi, alikutwa amekufa kwenye bwawa la mtambo wa maji, chini ya ngazi za mawe. Tuliambiwa alikwenda peke yake. Daktari alisema aliteleza, akaangukia kwenye kina, akajishikilia pale kwa muda mrefu kabla ya nguvu kumwishia. Vidole vyake vilikuwa vimechanjwa kwa mistari myembamba. Wakasema labda ni matete. Fimbo yake haikuonekana, wakasema labda imezama.

Mchumba wangu, ambaye ni mpima ardhi, ndiye aliyenibeba siku zile. Alikwenda hospitali, akachagua jeneza, akaosha masufuria ya msibani na kina mama. Shangazi zangu walisema nimepata mume, si mvulana. Sasa harusi yetu ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Mjomba peke yake ndiye aliyekuwa hajamzoea. Alimwita "Bwana Mpimaji" na kumpa mkono kama anayempa meneja wa benki. Nilimsihi mjomba, akasema nimpe muda, anamsoma.

Baada ya mazishi, mchumba wangu alianza kunihimiza niuze vifaa vya mjomba. Alisema kila nikifungua lile kabati nalia, na yeye hawezi kuniona hivyo. Nikaona huo ni upendo. Lakini niligundua kuwa haingii chumba kile. Anasimama mlangoni, anaongea na mimi akitazama ukuta. Siku moja fimbo ilianguka kabatini, akaacha chakula mezani, akaondoka. Nikasema, maskini, naye ana msiba.

Bi Fundi nilimpata kwa tangazo nililobandika mtandaoni. Anatengeneza cherehani, na kwa miaka ishirini yeye na mjomba walikuwa wakinunuliana, wakibadilishana na kununiana kwa sababu ya rili. Siku hiyo aliniomba ile lenzi yangu ndogo ya kazini. Akalegeza skrubu tatu, akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na mchanga mweusi na uzi wa mwani uliokauka. Mshipi ulikuwa umekunjwa shaghalabaghala, kama na mtu anayekimbizwa.

"Hii ni namba kumi na saba," alisema. "Ndiyo tuliyonuniana mwaka mzima. Jumatano ile alinipigia simu kunitambia kwamba kesho anaipeleka bwawani. Alikuwa na furaha. Alisema anakwenda na mkwe wake."

"Mkwe gani?"

"Una wachumba wangapi, mwanangu? Nilishangaa mazishini kusikia alikuwa peke yake. Nikadhani mkwe hakutokea."

Kama rili ilikuwa bwawani Alhamisi, na mjomba hakurudi, basi kuna mtu aliyeirudisha. Na aliyekuwa akiingia na kutoka nyumbani kwetu siku zile za msiba, huku mimi nimelala kama gogo, nilimjua.

Nikachukua simu nikaandika: "Njoo saa kumi. Uone namba kumi na saba."

Chini ya jina lake pakaonekana kwamba anaandika. Pakatulia. Akaandika tena. Dakika kadhaa zikapita ndipo ikaingia:

"Namba kumi na saba ndiyo nini?"

Na kabla sijajibu: "Nakuja. Usimwonyeshe mtu."

Nikamwomba Bi Fundi aende nyumbani. Akakataa. Akasema atakaa jikoni anywe chai, na kwamba yeye kwenye kikombe kimoja huwa anachukua muda mrefu.

Saa kumi kasoro nikasikia gari. Aliingia, akafika mlangoni mwa chumba, akasimama palepale anaposimama siku zote. Macho yake yalikwenda moja kwa moja mwishoni mwa meza.

"Kaa," nikamwambia.

"Niko sawa hapahapa."

"Alhamisi ile ulikuwa wapi?"

"Nilishakuambia, mpenzi. Kwenye viwanja vipya, napima."

"Mjomba alimwambia Bi Fundi kuwa anakwenda bwawani na mkwe wake."

Nilitarajia akane. Badala yake uso wake ukalegea kama nguo iliyotolewa kwenye kamba.

"Alisema mkwe?" akauliza.

"Alisema mkwe."

Akashuka taratibu ukutani hadi akakaa sakafuni. Kwa mara ya kwanza alikuwa ndani ya chumba kile.

Akanieleza. Mjomba ndiye aliyempigia, akamwambia njoo tuongee kabla ya harusi. Alikwenda. Mjomba akampa fimbo yenye ile rili nzuri, akamfundisha namna ya kurusha. Ndoano ikanasa kwenye magugu. Mjomba akashuka ngazi kwenda kuinasua, na ngazi zilikuwa na utelezi.

"Akaingia majini," alisema. "Nikamnyooshea fimbo. Akaishika ncha, akashika na mshipi. Mimi nikaanza kuteleza kuelekea kwake. Unajua sijui kuogelea."

"Najua."

"Nikaivuta."

"Ukamvuta?"

"Hapana. Nikaivuta fimbo. Niliitoa mikononi mwake."

Ile mistari kwenye vidole vya mjomba ikanijia machoni, mmoja mmoja. Nikashika ukingo wa meza.

"Alisema nini?"

Akatazama sakafu. Nikauliza tena.

"Alisema, taratibu mwanangu, usiogope."

Nyumba nzima haikuwa na sauti, hata ya kijiko.

"Halafu?"

"Halafu nikaondoka."

"Pale getini kuna walinzi wawili, na mmoja ana boti."

"Nilipita mbele yao."

"Hukuwaambia?"

"Niliwasalimia," alisema. "Sijui kwa nini. Mdomo ulifunguka nikajua nitapiga kelele, ikatoka habari za mchana. Nikaingia kwenye gari."

"Daktari alisema alijishikilia muda mrefu."

"Najua. Nilikuwepo aliposema. Nilikuwa nimekushika mkono."

Akasema fimbo aliivunja akaitupa jalalani. Rili ilimshinda. Siku tatu alitembea nayo kwenye gari, ndipo akaona angalau kitu kimoja cha mjomba kirudi nyumbani, akaiingiza kwenye mfuko wake asubuhi ya mazishi. Baadaye akaanza kuota kwamba kuna mtu anaifungua.

Ndipo akainuka. Akaufunga mlango nyuma yake kwa upole, akaja mezani, akaichukua rili. Alikuwa ametulia sasa, na utulivu ule ulinitisha kuliko kilio. Nilikuwa nimebanwa kati yake na kabati.

"Sikiliza, mpenzi," alisema. "Hii nikiondoka nayo sasa hivi, hakuna kitu. Yule ni bibi kizee, anachanganya siku. Zimebaki wiki tatu. Kadi zimeshatoka. Mimi na wewe tunajuana, tutalibeba pamoja."

"Iweke chini."

"Nitakutunza maisha yangu yote. Unafikiri nimeosha yale masufuria bure?"

Alinisogelea hatua moja. Sijawahi kumwogopa kabla ya hapo, na sijui hadi leo kama alitaka kunikumbatia au kufanya nini. Nyuma ya ukuta, upande wa jikoni, kiti kikaburuzwa. Kisha sauti ya Bi Fundi ikaja, ya kawaida kabisa, kama anayeulizia sukari.

"Bibi kizee bado yupo. Na masikio yake ni mazima."

Mchumba wangu akautazama ukuta. Akaniangalia mimi. Akaiweka rili mezani, akaisawazisha kwa kidole ikae vizuri.

"Nilikuwa nakupenda," alisema. "Niliogopa utaniacha."

"Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kituo cha polisi," nikamwambia. "Ukitangulia, utasema mwenyewe. Ukichelewa, nitasema mimi."

Akatoka. Gari lilikaa nje muda mrefu kabla ya kuwaka.

Asubuhi Bi Fundi alinisindikiza. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili: asitokee, au niletewe habari kwamba amekutwa mahali. Tulipofika, gari lake lilikuwa limeegeshwa chini ya mti wa kituo, na yeye alikuwa ndani ya kituo akiandika maelezo tangu saa kumi na mbili. Kwenye benchi la nje alikaa mama yake, amevaa gauni alilokuwa ameshona kwa ajili ya harusi yetu. Nadhani ndilo lililokuwa karibu na mkono alipoamshwa.

Mama yule alikuwa ananipenda. Alinishika mkono, akaniketisha.

"Mwanangu, ameniambia yote," alisema. "Mimi ndiye niliyemlea muoga. Baba yake alikufa maji, nikamkataza hata kukanyaga dimbwi. Kosa hilo nipe mimi. Huwezi kumsamehe?"

Nilimtazama nikashindwa kumchukia hata kidogo.

"Mama, kuogopa ningemsamehe siku ileile," nikamwambia. "Angekuja akipiga kelele, akaniambia nimeshindwa, ningemkumbatia nikalia naye. Ni zile wiki sita. Alinifuta machozi akijua yanatoka wapi."

Akaniachia mkono. Akaanza kujifunga vizuri mtandio wake.

Kesi bado inaendelea. Harusi niliivunja kwa meseji moja niliyowatumia wote, na shangazi zangu walikuja wakakaa nami wiki nzima bila kuuliza maswali, jambo ambalo kwao si dogo. Namba kumi na saba iko polisi. Zilizobaki, pamoja na fimbo na ndoano, nilimuuzia Bi Fundi kwa bei aliyoitaja mwenyewe, na akaja kuzichukua mfuko mmoja mmoja, akifungua kila mmoja.

Nimerudi kazini. Nasaga lenzi, napima macho ya watu, nawaambia wasome mstari wa mwisho. Ila saa kumi na moja jioni, saa ambayo mchumba wangu alikuwa akinipitia, gari likisimama nje bado nainua kichwa kutazama mlango. Na kabla sijakumbuka, ninafurahi.