Kodiani ya Marehemu

Shoga yangu mshonaji hajui kusema uongo; angejua, angeshaolewa tena. Alikuwa anahamia chumba kimoja, na mwanawe akamganda auze kodiani ya marehemu mumewe, kinanda kile cha kuvutwa na kubanwa kifuani. Yeye alikuwa bado hajakata shauri. Mchana, akifunga vyombo, akaisikia chumbani ikivuta pumzi ndefu, kisha ikanyamaza.

"Wewe! Umeshamwingiza mnunuzi aijaribu?"

"Mama, mie niko huku jikoni."

"Usinifanye mtoto!"

Akaingia. Kabati lililosogezwa lilikuwa limeziba dirisha. Giza tupu, hakuna mtu. Sanduku la kodiani lilikuwa na kufuli lake, na ufunguo alikuwa nao yeye kifuani. Akalifungua kwa papara, akapapasa. Kodiani yenyewe ilikuwa baridi kama jiwe. Mikanda yake ya begani ilikuwa imelowa jasho, bado la moto.