Mwenye Nyumba ya Ndani ya Kofia

Siku Mwanakombo aliporudi kutoka zahanati akasimama kizingitini kukung'uta mchanga miguuni, mumewe Shomari aliinama akauokota kidogo. Mchanga ule ulikuwa mweupe kama chumvi, na mtaani kwao Mtoni hapakuwa na mchanga wa namna ile. Tena zahanati ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwao, sakafu yake ya vigae, na mgonjwa alikaa kitini tangu mwanzo hadi mwisho.

Tangu amzike mama yake, Mwanakombo alikuwa hatoki nje. Sauti za watu wengi zilimwendesha moyo mbio, na zilikuwapo siku ambazo hakuinuka kitandani. Makombe ya dua alikunywa, vidonge alimeza. Ndipo mwaka ule wa tisini na saba, zahanati za watu binafsi zikichipuka kila mtaa, Daktari Gaudens akarejea kutoka masomoni Ulaya na kompyuta iliyounganishwa na kofia nzito, yenye vioo viwili mbele ya macho. Aliyeivaa alijiona yumo katika nyumba tulivu yenye ua wa mchanga mweupe na milango mingi, akajizoeza kuipita mmoja mmoja mpaka hofu imwishe.

Na kweli ilimpungua. Mwanakombo akaanza kwenda sokoni peke yake, akajipaka wanja, akacheka.

"Shemeji, mkeo kanawiri!" jirani yao Munira alimtania Shomari mbele ya watu. "Huko kofiani analishwa nini? Maana hapa kwako mie nilikuwaga naziona mbavu tu!"

Shomari alitabasamu, lakini wivu ulikuwa umeshakaa kitako moyoni mwake. Kicheko kile alikitafuta kwa miaka miwili, kwa zawadi na kwa dua; sasa kimepatikana, tena mahali ambapo yeye hakuwapo.

"Mama," alimwuliza mkewe jioni ile, "huko ndani mna mtu?"

"Mna nyumba tu."

"Unaingiaje?"

"Nyumba ya watu huingiwaje, wewe? Napiga hodi kama nilivyolelewa." Kisha akateremsha sauti. "Mwanzo palikuwa kimya. Siku hizi naitikiwa, 'Karibu.'"

"Na nani?"

"Sijamwona. Yuko nyuma ya pazia. Huniuliza tu kwa nini nimekawia."

Kesho yake Shomari alimfuata daktari. "Nyumba ile anakaa nani?"

"Hakai mtu, bwana. Ni picha. Imechorwa tupu makusudi, ili mgonjwa atulie."

Shomari aliondoka akiwaza. Kwao nyumba tupu haiachwi hivihivi. Hufukizwa ubani na kusomewa kabla mtu hajalala ndani yake, kwa sababu nyumba isiyo na mtu hupata mwenyewe asiyeonekana. Hii ilikuwa imejengwa ikaachwa wazi, na mkewe, kwa adabu zake, akaenda kuibishia hodi.

Huo ndio uliokuwa wakati wa kumwendea Mzee Mwishehe, mganga wa Chamazi. Lakini wivu hauendi kwa mganga. Huenda kwa mgoni, mwizi wa wake.

Ijumaa alasiri, umeme ukiwa umekatika kwa mgao na daktari ametoka kutafuta dizeli ya jenereta, Shomari aliingia zahanati bila kubisha, akamkuta Mwanakombo ameketi na kofia kichwani, kompyuta imezimika, na chumba kizima kinanuka udi uliochanganyika na jasho la mwanamume, mkewe akitabasamu na kutikisa kichwa taratibu kama mtu anayesimuliwa jambo tamu, mpaka midomo yake ikafunguka ikanong'ona, "Subiri kidogo, mume wangu kaja."

Shomari aliipokonya kofia ile akaivaa. Palikuwa giza. Kisha, mbali, pazia likatikisika.

"Wewe nani?"

"Mgeni ndiye anayejitambulisha," ilijibu sauti ya upole. "Lakini nakufahamu. Wewe humhesabia vicheko. Mimi ndiye ninayemchekesha."

"Mke wa mtu huyu!"

"Hakuita jina lako hata siku moja."

Damu ikampanda kichwani. "Basi mchukue!" alipiga kelele. "Nimemwacha! Nimemwacha! Nimemwacha!"

"Shomari, unasema nini?" Mwanakombo alilia nyuma yake.

Na nyuma ya pazia, kwa utulivu wa bwana harusi aliyeketi mbele ya shehe, sauti ikatamka: "Nimekubali."

Mzee Mwishehe aliletwa pale zahanati kabla ya magharibi. Alifukiza, alisoma, alipandisha sauti; hakuna kilichotetemeka. Hatimaye akauliza, "Ulimwambia nini?" Shomari alipomweleza, mzee alianza kukusanya vitu vyake.

"Mwanangu, mimi hutoa mwizi. Huyu kapewa."

Mwanakombo alikwenda kukaa kwa shangazi yake, Temeke. Asubuhi ya pili Shomari alifika kuomba radhi, tayari kuwaita wazee, tayari kwa lolote. Mwanakombo akatoka mzima, macho yametulia, hana hofu hata chembe. Miguu yake ilikuwa imechorwa hina mbichi ya bibi harusi hadi magotini, na shangazi, akiwa mlangoni, aliapa kwamba hakuna aliyemchora.

Shomari alipopiga hatua, Mwanakombo alivuta ushungi akafunika uso, kama afanyavyo mbele ya mwanamume wa kando.

"Usisogee," alimnong'oneza kwa huruma. "Mwenzio ana wivu kukushinda."