Kuni za Notburga

Apa kwanza hutamwambia mtu, maana Walburga naye aliniapisha, nami nimevumilia tangu asubuhi.

Theluji imefunika mji wetu huu wa kale hadi madirishani, na ziwa limeganda. Alfajiri, gizani, watu walikuwa kanisani na mishumaa yao, kwenye misa ya kungojea Noeli. Walburga, yeye anayetusema sote, alisingizia kichwa kinamuuma, akanyatia banda la kuni la Notburga, ambaye mumewe alizama kabla ziwa halijaganda. Alitaka magogo mawili tu.

Alipokumbatia la pili, akasikia maji yakidondoka nyuma yake, ndo, ndo. Gogo jingine likatua juu ya mzigo wake, taratibu, kama anasaidiwa. Kisha jingine. Hakuthubutu kugeuka, alitoka mbio.

Watu nao ndio walikuwa wanatoka misani, wakaja njia ileile. Mishumaa yote ikammulika usoni.

"Kichwa kimepona, bibi?" akauliza mlinzi wa kanisa.

Walburga alitamani ardhi immeze. Notburga akasogea, akagusa magogo ya juu.

"Kuni zangu ni kavu, dada," alisema polepole. "Haya umeyatoa wapi?"

Yalikuwa yanachuruzika maji, yamezongwa majani mabichi ya ziwani.