Wa Pili Akae

Mto wa pili ulikuwa na joto.

Mama Chiriku aliuokota sakafuni ili aukung'ute, kama alivyofanya kila siku baada ya chakula cha mchana, akajikuta ameushikilia tu. Mto wa mumewe ulikuwa pale pale kando, umeshapoa, maana mumewe alikwisha kurudi kibarazani kutengeneza friji za watu. Binti yao, Chiriku, alikuwa amelala chumbani. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Hata paka hawakuwa naye. Lakini mto ulikuwa na joto la mtu aliyekaa muda mrefu, na katikati yake palikuwa na shimo la makalio.

"Baba Chiriku," aliita dirishani, "nani alikuwa amekaa hapa na wewe?"

"Nikae na nani? Labda mke mwenzio," Fundi alijibu, kichwa kikiwa ndani ya friji, akacheka peke yake.

"Endelea na mzaha. Siku akija kweli usije ukanililia."

Kilichomkalisha Fundi sebuleni kila mchana kilikuwa mashine ya gemu. Mteja mmoja aliyekuwa akihama alimwachia pamoja na friji mbovu, na ndani yake mlikuwa na gemu za zamani, zile zile alizozicheza ujanani kwenye banda la gemu nyuma ya soko. Aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya vindege. Kindege chako kinatoka kushoto kwenda kulia kikipiga risasi, na kutoka kulia wanakuja maadui: mashua za chuma, minyoo yenye macho, kuta zenye meno. Picha inasogea yenyewe. Utake usitake, inakusukuma mbele. Huwezi kurudi, huwezi kusimama, na ukigeuza uso kidogo tu, umekwisha.

Ndiyo maana pale bandani palikuwa na desturi yake. Gemu hiyo ilichezwa na watu wawili, mmoja na kindege cheupe, mwingine na kindege chekundu, kila mmoja akipewa ndege tatu. Mchezaji wa pili ndege zake zikiisha, aliinuka kimya kimya. Aliyebaki hakugeuka kutafuta mwenzake, angegeuka vipi? Alipaza sauti tu, macho yakiwa kwenye kioo: "Wa pili akae!" Yeyote aliyekuwa nyuma alikaa. Mwuza nyanya, mbeba mizigo, mwanafunzi mtoro, yeyote. Mlicheza bega kwa bega, na pengine hukumwona sura hata mara moja. Na aliyechoka kusubiri alimgusa aliyekaa begani, akasema, "Nipishe." Kugoma baada ya kuguswa ilikuwa aibu.

Mchana mmoja mvua ilinyesha, kazi ya kibarazani ikasimama. Fundi alivuta pazia ili mwanga usipige kioo cha runinga, akakaa kwenye mto wake. Mama Chiriku alikuwa jikoni akichambua mchele, mlango uko wazi, akiuona mgongo wa mumewe, mabega juu na shingo mbele kama kobe.

"Wa pili akae!" Fundi alipaza sauti.

"Unamwita nani? Mimi nina kazi huku."

"Ni mazoea tu, mke wangu. Kila siku nasema hivyo."

Ndipo Mama Chiriku akauona mto wa pili ukibonyea. Ulibonyea taratibu, kama anapokaa mtu mwenye adabu zake. Kishikio cha gemu kilichokuwa juu yake kikainuka kidogo, kikatulia hewani, na vitufe vyake vikaanza kuingia na kutoka.

"Haa!" Fundi alicheka kwa furaha. "Mama Chiriku, kumbe ndiwe! Siku zote nilidhani mashine inajichezea yenyewe hicho chekundu. Umejifunza wapi?"

"Niko jikoni."

"Acha utani, unanishinda hata mimi."

"Baba Chiriku, niko jikoni."

Ungo ulimponyoka, mchele ukamwagika, na hakuinama kuuokota, kwa sababu harufu ilikuwa imefika mlangoni, harufu ya nywele zilizoungua na chini yake harufu ya udongo uliochimbwa muda huo huo, na mumewe, aliyekuwa ameisikia sauti yake ikitoka jikoni na si pembeni yake, alikuwa ameacha kucheka lakini hakuacha kucheza, macho kwenye kioo, jasho likimtiririka shingoni, maana pembeni yake kulikuwa na mtu anayepumua.

Vindege vyote viwili vilipomaliza hatua, picha ikasita kidogo. Fundi akageuka. Mto ulikuwa ukijiinua, hauna mtu.

Walinong'onezana chumbani mlango ukiwa umefungwa, Chiriku akiwa katikati yao.

"Kaitupe," Mama Chiriku alisema.

"Kesho."

"Leo!"

"Mvua hii? Kesho, nakuapia."

Kesho yake alimkuta sebuleni, amekaa. Mto wa pili ulikuwa umebonyea.

"Usipige kelele," Fundi alimnong'oneza bila kugeuka. "Tumefika pango la meno. Ujana wangu wote sikuona mtu akilipita. Yeye anaijua njia."

"Yeye nani?"

Vidole vya Fundi viliendelea kubonyeza. Tangu siku hiyo hakugusa friji tena. Zilibaki kibarazani milango wazi, ndani zikaota ukungu. Wateja walikuja, wakaita, wakaondoka wakitukana. Fundi alikula akiwa amekaa, akisogezewa kijiko mdomoni, na alipoinuka kwenda msalani alirudi mbio kama aliyeacha maziwa jikoni.

Mama Chiriku angeweza kuvumilia mume aliyepotea. Hakuwa mwanamke wa kwanza. Kilichomvunja miguu kilikuwa binti yake.

Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Aliongea na kuku wa jirani, aliongea na viatu vyake akivivaa. Sasa alikaa karibu na mto wa pili, magoti kifuani, akitazama kioo, kimya.

"Chiriku, njoo uoge."

"Nakuja, mama," alijibu, wala hakugeuka.

"Nikikuita nitazame."

"Mgeni kasema ukitazama nyuma unakufa."

Mama Chiriku aliinama karibu naye. Akajikaza, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Mgeni yupi, mama?"

"Huyu. Ana vidole virefu. Anasema amekaa sana, anataka mtu mdogo ampishe, kwa sababu mtu mdogo atakaa muda mrefu."

Mama Chiriku alikwenda moja kwa moja kwenye soketi, akaushika waya kwa mikono miwili, akaung'oa. Taa ya mashine ikazimika. Taa ya runinga ikazimika. Lakini juu ya kioo kilichozimika vindege viliendelea kuruka, cheupe na chekundu, risasi zikilia tiu tiu tiu, na kutoka kwenye mto wa pili ikatoka sauti ndogo ya koo, sauti ya mtu mzima anayecheka kwa heshima asimwaibishe mwenyeji wake.

"Rudisha waya," Fundi alinong'ona, midomo imemkauka. "Nakuomba. Usimkasirishe."

Mama Chiriku akamwita shangazi yake Fundi. Kazi ya bibi huyu ilikuwa kushona magodoro, lakini watu wa mtaa walimjua zaidi kwa kutoa majini, na aliyatoa bila mbwembwe, kama anayetoa pamba mbovu. Alikuja mchana, jua kali, akavua viatu mlangoni, akapiga magoti kando ya mto wa pili. Akasoma dua zake. Akanyunyiza maji, yakakauka kabla hayajagusa kitambaa. Kisha akaupapasa ukingo wa mto kwa kiganja.

"Mzito huyu," alisema polepole. "Mtu akikalia pamba, pamba hulalamika. Hapa imenyamaza kabisa. Mwanangu, ulimwitaje?"

Fundi, macho kwenye kioo, akamweleza desturi ya banda.

"Ukaita bila jina?"

"Hatukutajana majina, shangazi."

"Na hukugeuka uone nani anakaa."

"Ningegeuka vipi? Picha haingoji."

Shangazi alifuta kiganja kwenye kanga yake. Kilikuwa kimeiva kama kilichoshika sufuria. "Jini anayeingia mwenyewe namtoa. Huyu hakuingia, alikaribishwa, tena kwa desturi aliyoisikia ikiitwa kila siku. Nitamfukuzaje mgeni wa watu? Hebu niambie, pale bandani wa pili aliondokaje?"

"Ndege zake zikiisha."

"Za huyu zinaisha?"

"Hajapoteza hata moja."

"Au?"

Fundi akapunguza sauti. "Au mtu amwambie ampishe."

"Nitakaa mimi," Fundi akasema baadaye kidogo, akakiachia kishikio chake, akajitupa upande wa pili. Mto ulimrusha akagonga ukuta, damu ikamtoka puani. Kabla hajajijua alikuwa amerudi kwenye mto wake, vidole vikibonyeza.

"Huwezi," alisema shangazi. "Mwenyeji ni wewe. Nafasi ya mgeni si yako. Na mimi macho yangu yana mtoto wa jicho, kioo kile nakiona kama moshi. Nitakufa kabla sijatulia, naye atakaa tena."

"Atakayekaa atafanywa nini?" Mama Chiriku aliuliza.

"Atacheza. Mgeni atasimama nyuma yake kusubiri, kama walivyokuwa wakisubiri wote. Siku ndege za huyo zikiisha..." Shangazi hakumalizia. Alikuwa akitazama mlango wa chumbani.

Chiriku alikuwa ametoka. Alitembea kwa hatua fupi, uso mbele, shingo imekakamaa, akapita katikati ya shangazi na mama yake kama aliyepita katikati ya viti, akanyoosha mkono wake mdogo juu ya mto wa pili, mahali ambapo pangekuwa na bega, na kidole kikasimama hewani kimegusa kitu, na mdomo wake ukafunguka kuanza lile neno, na mama yake, ambaye maisha yake yote aliona haya hata kuomba apishwe dirishani kwenye foleni, alimnyakua mtoto kwa mkono mmoja akamsukuma nyuma, akaupeleka mkono wa pili mahali pale pale, akashika bega la moto lenye mifupa mingi kuliko mabega ya watu, akasema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani:

"Nipishe mimi!"

Mto ukapanda. Kitu kirefu kikainuka mbele yake, kikampita shavuni na harufu yake ya nywele zilizoungua, kikaenda kusimama nyuma yake. Akakaa. Kishikio kilikuwa cha moto.

Kwenye kioo, kindege cheupe cha mumewe kiligonga ukuta, na kingine, na kingine, kikaisha. Fundi akaanguka kando kama gunia lililokatwa kamba, amefunguliwa, akilia. Lakini hakukuwa na muda wa kulia.

"Juu," alimwambia mkewe huku akitambaa kumkaribia. "Juu, mke wangu. Sasa chini. Bonyeza, bonyeza, usiache."

Alijifunza. Alipoteza ndege moja mwanzoni, na nyuma ya shingo yake pumzi ikasogea karibu. Akajifunza haraka zaidi. Usingizi ulimwacha. Mumewe alimlisha kwa kijiko na kumfunika shuka mabegani, akarudi kwenye friji zake kibarazani, akifanya kazi dirisha likiwa wazi ili amsikie. Shangazi alikuja kila alipoweza, akasoma, akaondoka ameinamisha kichwa.

Chiriku akarudi kuwa Chiriku. Aliongea na viatu vyake, akaongea na kuku. Mama yake aliyasikia yote kutoka nyuma, akatabasamu akikitazama kioo. Siku moja mtoto alikuja kusimama kando ya runinga, akasema, "Mama, jino limetoka, tazama!" Mama akatazama. Kufumba na kufumbua, ndege nyingine ilikwisha, na nyuma yake kitu kikashangilia. Ilibaki moja tu. Wakamkataza mtoto kusimama pale.

"Niambie pengo likoje," alimwambia.

"Kubwa! Ulimi unapita."

Fundi hakuweza kuvumilia. Mchana mmoja alikitoa kioo cha kujitazamia cha chumbani, akakitundika ukutani juu ya runinga. "Uwe unamwona mwanao," alisema. "Hutageuka, utapandisha jicho tu."

Mama Chiriku alisubiri mahali pepesi, maadui wachache, anga tupu. Akapandisha jicho.

Chiriku alikuwa amekaa sakafuni nyuma kabisa ya sebule, amerefuka, nywele zimesukwa vibaya na baba yake, anacheka, na lile pengo lake. Alikuwa mzuri. Mama Chiriku alitaka kulia. Kisha akaona kwamba nyuma ya shingo yake mwenyewe hapakuwa na mtu. Mgeni hakuwa amesimama pale akisubiri. Kwa nini asubiri, na sasa mikono yake haikuwa na kazi? Alikuwa ameinama juu ya mtoto, mrefu, amekunjika mara nyingi, vidole vyake juu ya vidole vya Chiriku, na vyote vilikuwa vikibonyeza kipande cha ubao, juu, chini, juu, bila kukosea.

"Baba Chiriku," alinong'ona, jicho limerudi kwenye kindege, "mwondoe mtoto. Mwondoe hapo alipo."

"Yuko peke yake, mke wangu. Anacheza tu na ubao wake." Fundi alitazama huku na huku. "Nimwondoe kwa nani?"

Nyayo ndogo zikaja sakafuni, taratibu, zikasimama nyuma ya mto. Mama hakuweza kugeuka. Mkono ukamgusa begani, mwepesi, wenye joto, mkono wa mwanawe.

"Mama, umechoka," Chiriku alisema kwa upole. "Mimi najua yote sasa. Nifikishe pango la meno tu, halafu nipishe."

"Sijachoka," alisema. "Sijachoka, mwanangu, kaa mbali." Kidole gumba chake kilikuwa kimekufa ganzi, akakibonyeza kwa kiganja kizima, na upande wa kulia wa kioo kuta zenye meno zilikuwa zimeanza kuingia.