Madumu Matatu na Pikipiki ya Umeme

Kila siku alfajiri Kabula hukamua ng'ombe. Mumewe, Bujiku, hufunga madumu matatu ya maziwa kwenye baiskeli, kisha anakwenda Bariadi mjini. Ni kilomita thelathini. Akichelewa, jua linawaka na maziwa yanachacha. Wiki iliyopita walimwaga dumu zima. Inauma, jamani!

Jumamosi moja Bujiku alirudi anacheka peke yake.

"Mama Salu, nimeiona pikipiki ya umeme!" alisema. "Haitumii petroli. Ukiichaji mara moja inakwenda kilomita mia na ishirini. Nitakwenda mjini na kurudi mara mbili!"

"Nani amesema?"

"Josia, muuzaji. Tena imeandikwa kwenye bango, maandishi makubwa hivi."

"Sawa. Na tutainunua kwa kitu gani?"

Bujiku akatazama zizini. Walikuwamo Madoa na Pembe, maksai wao wawili wa kulimia.

"Jumatano ni mnada," alisema polepole.

Kabula aliacha kuosha dumu. Mvua zilikuwa karibu. Bila Madoa na Pembe, nani angevuta plau? Mwaka mmoja walilima kwa jembe la mkono tu, na mahindi yaliisha mapema. Watoto walilala na uji mwepesi. Kabula hajasahau.

"Baba Salu, mimi naogopa," alisema. "Pikipiki ikishindwa, tutakula nini?"

"Wewe naye! Kila kitu kipya unakiogopa."

Kabula alimaliza kuosha dumu. Jioni alikwenda kwa jirani yao, Apolonia, fundi wa umeme anayetengeneza pampu na sola. Bujiku akamfuata, akiwa na hakika kwamba fundi atakuwa upande wake.

"Mwadila, mayu," Bujiku alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Karibuni mkae."

Apolonia alisikiliza mpaka mwisho.

"Pikipiki ya umeme si kitu kibaya," alisema. "Lakini hiyo mia na ishirini ilipimwaje?"

"Wenye kiwanda wamepima."

"Kwenye barabara gani? Ilibeba nini?"

"Bangoni hawakuandika," Bujiku alikiri.

"Mara nyingi wanapima kwa mtu mmoja," Apolonia alieleza. "Barabara nzuri, mwendo mdogo, betri mpya. Wewe una madumu matatu, na njia yetu ina mchanga na vilima. Mzigo unakula chaji. Mchanga unakula chaji. Ukikimbiza, chaji inaisha haraka zaidi. Halafu betri inachoka, miaka ikipita inakwenda pungufu."

"Kwa hiyo Josia ni mwongo?"

"Sijasema hivyo. Pengine na yeye amesoma bango tu, kama wewe. Usiuze maksai kwa sababu ya bango. Jaza madumu maji, uzito wake ni karibu sawa na maziwa. Ijaribu kwenye njia yako, na Josia awepo. Ukiipenda, udai dhamana ya betri kwa maandishi."

Jumatatu Josia alikuja, na kijana wake aliileta pikipiki ya umeme. Waliichaji kwa Apolonia mpaka betri ikajaa. Bujiku alifunga madumu matatu ya maji, akaondoka. Josia alimfuata nyuma kwa pikipiki ya petroli. Kabula aliliona hilo, akatabasamu.

Kwenda Bariadi mambo yalikuwa mazuri. Bujiku aliimba njia nzima. Wakati wa kurudi, kwenye mchanga, pikipiki ikapunguza mwendo. Ikazima. Kipimo kilionyesha kilomita hamsini na mbili.

Josia alifuta jasho. Aliona aibu kweli.

"Kaka, sijawahi kuipakia mzigo," alisema. "Huwa naizungusha pale stendi tu."

Walibaki na kilomita nane. Walimwaga maji, wakasukuma kwa zamu, jua la saa saba kichwani.

"Mia na ishirini imefika?" Kabula aliuliza walipoingia uani.

"Mke wangu, nipe maji ya kunywa kwanza!"

Jumatano mnada ulipita, na Madoa na Pembe walibaki zizini. Mvua ziliponyesha, walilima shamba lote. Msimu ule nyumba ilikuwa na mahindi ya kutosha, na Kabula alilala bila wasiwasi.

Baada ya mavuno, Bujiku na majirani watatu wauza maziwa waliungana. Walinunua pikipiki ileile, kwa sababu sasa waliijua. Kwa zamu, mmoja wao hubeba maziwa ya wote, na inamfikisha Bariadi kwa chaji moja. Akigawa maziwa, inachajiwa kwa mteja wao mwenye mgahawa, kisha anarudi. Dhamana ya betri imeandikwa na kupigwa mhuri. Maziwa yanafika asubuhi na mapema, na hayachachi tena.

Juzi alikuja muuzaji mwingine mnadani, na kipaza sauti.

"Bajaji ya umeme! Kilomita mia mbili kwa chaji moja!"

Watu walijaa. Bujiku alipenya katikati yao, akashusha madumu yake matatu mbele ya muuzaji.

"Karibu Bariadi, ndugu yangu," alisema. "Pakia haya, twende tukahesabu wote."