Mjusi Ndani ya Kipimamvua

Kila siku ya shule, saa tatu kamili asubuhi, nilitoka darasani na daftari kwapani kwenda kusoma kipimamvua nyuma ya maktaba. Kililetwa na Shangazi, ambaye ni mtaalamu wa hali ya hewa. Aliniahidi kwamba daftari la mwezi huo likimridhisha, likizo atanipeleka kituoni kwake nione utabiri unavyoandaliwa. Niliitaka kazi yake kwa kufa na kupona.

Jumatatu moja nilikuta mjusi amekufia ndani ya faneli inayoingiza maji ya mvua chupani. Alikuwa amevimba, tumbo limepasuka, na funza walijinyonganyonga kwenye maji machafu yaliyotuama. Uvundo ulinipanda puani hadi nikatokwa machozi. Lo, kinyaa gani kile! Faneli ilikuwa imeziba, kwa hiyo chupani hamkuwa na hata tone. Niliandika milimita nne, nikatimua mbio. Jumanne niliandika sita, Jumatano mbili, Alhamisi tano, zote nikiwa nimesimama mbali na kuziba pua. Rafiki yangu, tuliyemwita Kidomo, alinihakikishia kwamba hakuna atakayejua.

Ijumaa, kabla ya saa tatu, Shangazi alikuja shuleni kuchukua daftari. Alilisoma, kisha akaniuliza, "Mvua ya kuamkia Jumanne ilifurika hadi barabarani. Kituoni tulipima arobaini. Hii sita umeipata wapi?"

Kidomo alinikonyeza ninyamaze. Niliona safari ya kituoni inaota mbawa.

"Nimezibuni zote nne, Shangazi," nilisema. "Ndani ya faneli mna mjusi ameoza. Nilishindwa kumgusa."

Hakunifokea. Tulikwenda kwenye kipimamvua, akanipa mfuko wa plastiki nivae mkononi, akasimama kando yangu. Nilipomvuta mjusi, mkia ulichomoka ukabaki ndani. Nilitapika pale pale kwenye majani, nikajifuta, nikarudi kuutoa. Shangazi alisema kwamba alipoanza kazi, ndege walimnyea kipimo chake kila wiki, naye alikisafisha kila wiki.

Nilinawa kwa sabuni mara mbili, kisha nikaomba ufutio. Alikataa. Katika kazi yao tarakimu haifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja, na pembeni huandikwa ukweli. Niliandika "haikupimwa" mara nne. Tarakimu zangu zilinitia kinyaa kuliko yule mjusi.

"Soma hesabu, fizikia na jiografia kwa bidii," Shangazi alisema, "na chuo kikuu watakufundisha mawingu na pepo. Lakini kuandika ulichokiona tu, hakuna atakayekusimamia. Kuna mkulima anapanda kwa kutegemea tarakimu yako."

Nilimuuliza kwa sauti ndogo kama safari imekufa.

Alilifunga daftari, akalitia mkobani. "Daftari lenye mapengo manne naweza kulipeleka kazini," alisema. "Lenye uongo mmoja, siwezi. Likizo ikianza, uwe tayari saa kumi na mbili asubuhi."