Kalamu ya Bi Jokha

Rafiki yangu Msabaha, fundi anayeishi ughaibuni, Thamesmead, si mtu wa kuzua. Ndiyo maana sina raha tangu anihadithie.

Mama yake, Bi Jokha, alimpa kipande cha mlango wa nyumba yao ya Unguja iliyobomolewa, amtengenezee kalamu ya kumbukumbu. "Huu ndio mlango baba yako aliowafungulia waliobisha hodi siku za Mapinduzi," alimwambia. "Alitoka nao, hatukumwona tena."

Msabaha akakikaza kwenye mashine yake ya kukereza vyuma, bandani nyuma ya nyumba. Ilikuwa Desemba, alasiri, na giza la majira ya baridi lishaingia. Kisu cha mashine kilipogusa ubao, kikaanza kugonga: ko, ko, ko. Akadhani kuna msumari ndani. Akazima mashine, na taa nayo ikazimika. Mashine ikasimama. Kugonga kukaendelea, polepole, kama mtu aliyechoka kungoja.

Akakifungua kile kipande, akakishika gizani. Kikamgonga kiganjani. Kwa mazoea tu, neno likamponyoka: "Karibu."

Kugonga kukakoma. Kisha, ndani ya kile kipande kisichozidi urefu wa kidole, akasikia komeo zito la mlango likifunguliwa.